Bomba au Pangaboi

Kanisani kwetu Makambako, siku ya mavuno, kitu hakinunuliwi mara moja. Mtu analeta kuku, kuku ananadiwa, mshindi analipa, kisha anainua mkono na kusema, "Narudisha." Kuku anapanda tena mnadani. Nimewahi kuona jogoo mmoja akinunuliwa na watu sita, na jioni akalala kwenye banda lile lile alilotoka asubuhi. Ndiyo desturi. Ukinunua usichokihitaji unakirudisha, kanisa linapata, nawe unakwenda nyumbani mikono mitupu na roho safi.

Kwa hiyo mwaka ule ilipoletwa jetski, hakuna aliyeogopa kutaja bei.

Ilikuwa sadaka ya kijana mmoja wa usharika anayeshughulika na mitumba ya makontena Dar es Salaam. Ilishushwa kwenye lori ikiwa imefungwa turubai, ikawekwa uani kati ya magunia ya mahindi na ndoo za parachichi. Ilikuwa ya aina ya kusimama, yaani haina kiti. Mbele ina pua, kwenye pua kumefungwa mkono mrefu wa usukani unaopanda na kushuka kama wa pampu ya kisima, na nyuma ni uwazi tambarare wa kukanyaga.

"Ni hori la nguruwe," alisema mama mmoja.

"Hori lenye usukani?"

"Nguruwe wa Dar wanaendesha."

Mnadishaji alisoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, akasema ni pikipiki ya majini, na kwamba mwendeshaji husimama. Watu wakacheka zaidi. Makambako ni mji wa njia panda. Lami inagawanyika hapa, reli inapita, malori yanalala, lakini maji ya kuelea hatuna, labda uhesabu madimbwi ya maegesho ya malori wakati wa masika. Jetski ikanunuliwa, ikarudishwa. Ikanunuliwa, ikarudishwa. Mara ya tano ilimwangukia baba mdogo, mume wa mdogo wake mama yangu. Alilipa, akainua mkono, nasi tukasubiri neno lile moja.

"Naondoka nayo," akasema.

Mnadishaji alishusha daftari. "Mzee, unaondoka nayo kwenda wapi?"

"Majini."

"Utasimama juu yake?"

"Nitasimama. Mavuno yajayo hayatanikuta sijasimama. Yakinikuta, nitairudisha hapa mwenyewe, nimeibeba kichwani, na mtanipigia makofi."

Mama mdogo alivuta mtandio akajifunika uso wote, kama mtu aliyesikia habari za msiba.

Ili uelewe msiba wenyewe, inabidi umjue baba mdogo. Ni fundi wa misumeno ya kupasulia miti, bora kuliko wote kuanzia Makambako mpaka Njombe, na kwenye mizani ya viazi anafika kilo mia na kumi bila viatu. Pia ni mzee wa kanisa, na kazi yake ni kusimama mbele kila Jumapili kuwakumbusha watu ahadi zao. "Ndugu yetu wa mtaa wa juu, uliahidi mabati. Dada yetu, tunasubiri saruji." Hana huruma. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakingoja atoe ahadi yake moja isiyowezekana, na sasa alikuwa ameitoa mbele ya usharika mzima, kwa sauti, bila kulazimishwa na mtu.

Mimi nilikuwa nimekuja kwa siku mbili. Nilikuwa natoka Tunduma, nilikokuwa utingo wa lori, naelekea popote. Shule niliiacha kidato cha pili kule Matamba. Sikufukuzwa, wala ada haikukosekana. Madirisha ya darasa letu yalitazama barabara, basi. Tangu hapo nimechimba viazi, nimevuna alizeti Wanging'ombe, nimebeba mbao karibu na Mdandu, na sikumbuki mahali nilipomaliza misimu miwili. Lakini sijui kupita kando ya injini nisiyoifahamu. Zile siku mbili ziligeuka mwaka.

Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye bwawa la shamba moja la chai nje ya Njombe. Tuliipakia jetski kwenye pikapu ya kuazima, tukamsalimu mlinzi, "Kamwene," tukamweleza shida yetu. Alitusikiliza kwa makini, akafungua geti haraka kuliko nilivyotarajia. Baadaye nilielewa kwamba pale bwawani siku zinafanana sana.

Baba mdogo aliingia majini na kaptula na sweta la sufu, akavaa juu yake jaketi la kuelea lililokuja na chombo, ambalo lilimfunga kifua tu na kuliacha tumbo lijitegemee. Jetski ya kusimama huipandi ikiwa imetulia, maana inapinduka. Unalala nyuma yake, unashika usukani, unavuta mafuta, nayo ikishika kasi inainuka juu ya maji, ndipo unapiga magoti, kisha unasimama. Ndivyo inavyotakiwa. Yeye alipovuta mafuta, injini iliguna, pua ikatazama mawingu, mkia ukazama, naye akawa anaburutwa kwa duara, polepole, amekaza shingo kama ndama anayekataa josho.

"Mzee," mlinzi aliita kutoka ukingoni, "hicho chombo kinakubeba, au wewe ndiye unakiogesha?"

Niliingia mimi. Nina nusu ya uzito wake. Nilifika kwenye magoti, nikasimama kwa muda wa kupiga chafya, nikaanguka. Maji ya Njombe ni ya baridi kiasi kwamba ukianguka unapiga kelele kabla hujajua umeanguka. Lakini nilitoka na jibu: chombo kizima, kazi kinaijua, ila nguvu kiliyonayo haitoshi kumtoa mtu wa kilo mia na kumi ndani ya maji.

Karakana ya baba mdogo ina harufu ya oili, maranda ya msonobari na chai ya tangawizi. Jetski iliwekwa juu ya magogo mawili, na kitabu chake cha maelekezo, ambacho kilikuwa kimefungwa kwenye nailoni chini ya kifuniko, nikakabidhiwa mimi. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, lakini nilikuwa na kamusi na sikuwa na haraka. Nilikisoma ukurasa kwa ukurasa kama watu wanavyosoma barua ya mpenzi, narudia palipokuwa pagumu.

Jambo la kwanza baba mdogo hakuhitaji kitabu. "Injini hii imezaliwa pwani," alisema. "Huku kwetu hewa ni nyepesi. Msumeno ukiletwa kutoka bondeni ukafika hapa, unatoa moshi mzito na hauna nguvu, kwa sababu unalishwa petroli nyingi kuliko hewa inayopata. Unaupunguzia chakula." Akafungua kabureta, akatoa kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha mafuta, akaweka chenye tundu dogo zaidi alichokuwa nacho kwenye kopo la vipuri. Injini ikawaka kwa sauti nyingine kabisa, safi, kali.

Na hapo ndipo tulipokosea kosa ambalo fundi wa boti asingelikosea hata akiwa amelala. Msumeno wa miti hupozwa na upepo. Unaweza kuuwasha mezani, ukauacha ulie mpaka mteja aridhike. Huku kwetu ndivyo msumeno unavyouzwa: mnunuzi hatazami mnyororo, anainamisha kichwa na kusikiliza. Unaolia vizuri ni mzuri. Basi baba mdogo akaiacha jetski ilie juu ya magogo, majirani wakasogea, akawa anavuta mafuta na kuachia huku ametabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi na kamusi yangu, nikafika kwenye sentensi inayosema injini hii hupozwa na maji inayoyanyonya ikiwa bwawani, na kwamba nchi kavu isiwashwe zaidi ya sekunde chache.

"Baba mdogo, zima!"

"Subiri, jirani wa pili hajasikia."

"Zima, inakunywa maji na hapa hakuna maji!"

Harufu ndiyo iliyomzimisha. Mpira unaounganisha bomba la moshi ulikuwa umelegea na kudondoka kama mshumaa. Mama mdogo alichungulia mlangoni, akauliza kama tunapika. Bahati yetu, Makambako hukosi kitu cha lori: tulikata kipande cha mpira wa rejeta, tukakibana kwa vibanio, kikakaa kana kwamba kilitengenezwa kwa kazi hiyo. Injini yenyewe haikudhurika. Lakini tangu siku hiyo baba mdogo alianza kuniuliza, "Kitabu kinasemaje?" na mimi nikaanza kujiona mtu.

Kitabu, pamoja na video nilizotazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, vilisema kuna njia tatu za kuiongezea nguvu. Ya kwanza ni kubadilisha kichwa cha silinda, uweke chenye mbano mkubwa, ili hewa hii nyepesi ya mlimani ibanwe vizuri kabla ya kulipuka. Ya pili ni bomba la moshi, lile la mashindano, lililotanuka katikati kama chatu aliyemeza mbuzi. Ya tatu ni pangaboi. Jetski haina propela ya nje. Ndani ya tumbo lake kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna pangaboi dogo la chuma linalonyonya maji na kuyatupa nyuma, na hayo maji yanayotupwa ndiyo yanayoisukuma. Unaweza kuweka lenye mapanga yanayokamata maji mengi au lenye kukamata machache.

Tulikuwa na nafasi ya kuchagua kitu kimoja tu. Rafiki wa baba mdogo, dereva wa malori ya kwenda Kongo, alikuwa ameahidi kututafutia Dar kwenye maduka ya vipuri vya boti za hoteli. "Kimoja," alisema. "Mimi si posta."

Kichwa tulikiacha mapema, maana kitabu kilionya kuwa mbano mkubwa unataka petroli bora kuliko tunayouziwa kwenye chupa za maji. Mama mdogo, aliyekuwa anachambua maharage, alikubaliana nasi.

"Kichwa kinachohitaji kubadilishwa kwenye nyumba hii si cha hilo hori," alisema.

Basi yakabaki bomba au pangaboi, na baba mdogo hakuwa na mashaka. Alikuwa ameshasikia lile bomba kwenye simu yangu. Aliomba nimrudishie mara nne. "Unasikia hiyo? Hiyo ni injini inayoimba. Bomba."

"Baba mdogo, bomba linaongeza nguvu juu, chombo kikishakimbia. Sisi hatujafika kwenye kukimbia. Tatizo letu ni kuinuka. Ukiwa wewe juu yake, injini inaguna tu, haifiki kwenye sauti yake. Tunataka pangaboi la kukamata maji machache, injini izunguke kwa wepesi. Ni kama gia ndogo."

"Yaani nitoe linalokamata mengi, niweke linalokamata machache, ndipo nipate nguvu?"

"Ndiyo."

"Mama," alimwita mkewe, "huyu alisoma wapi?"

"Aliacha," mama mdogo alijibu bila kuinua macho.

Akaandika karatasi kwa mkono wake, herufi kubwa: BOMBA, na chini yake namba ya injini. Akanituma niipeleke kwa dereva. Nilipokuwa njiani nilikaa chini ya nguzo ya umeme, nikaandika karatasi ya pili. Nilijiambia naandika tu, kuandika si dhambi.

Dereva alikuwa anakula wali na maharage kwenye kibanda cha maegesho ya malori. "Lete hiyo karatasi."

"Kaka, ngoja nikuulize kwanza. Ukiwa na tani thelathini, unaupanda mlima wa Kitonga, unataka nini?"

"Gia ndogo na subira."

"Hutaki honi kubwa?"

Akanitazama kwa huruma. "Honi inavuta?"

Nikampa karatasi ya pili.

Wiki tatu nilizosubiri zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu yote ya shule. Kila mlo baba mdogo alituelezea bomba litakavyolia, na mlinzi wa bwawa atakavyokimbia. Alikwisha kuwaalika wazee wenzake: Jumamosi moja kabla ya mavuno waje Njombe washuhudie. Mama mdogo aliona kwamba nimekuwa hodari wa kuosha vyombo, akanitazama kwa jicho la kujua kuna jambo, akaniacha nioshe.

Mzigo ulipofika ulikuwa wa boksi la viatu.

"Bomba gani linaingia kwenye boksi la viatu?" Baba mdogo alilikata kamba, akafunua magazeti, akatoa kitu cha chuma kinachong'aa, chenye mapanga matatu yaliyojikunja. Alikigeuza. Akatazama chini ya boksi kama kuna kitu kingine. "Dereva amekosea."

Ningeweza kunyamaza. Dereva alikuwa ameshavuka Tunduma, na lawama ingemfuata kimyakimya mpaka Lubumbashi.

"Hakukosea. Nilibadilisha karatasi."

"Wewe?"

"Mimi, baba."

"Wewe uliyeacha shule kidato cha pili?"

"Ndiyo, baba."

"Heri ungeacha darasa la kwanza. Usingejua kuandika."

Siku tano hakusema nami. Tulifanya kazi kwenye karakana moja, hatua mbili kati yetu, na kila alichokitaka kilipitia jikoni. "Mama! Mwambie mwanao alete nyundo." Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Mama mdogo alijibu kutoka ndani: "Mwanangu, baba yako anaomba nyundo. Ukishampa, mwambie uji umepoa." Usiku wa tatu nilipanga nguo zangu kwenye mfuko. Nilikuwa nimeondoka mahali pengi maishani, na kwingine kote niliondoka kwa sababu nilichoka mimi, si kwa sababu nimemchosha mtu. Nilizipangua tena.

Siku ya sita nilimkuta dirishani, ameshika pangaboi la zamani mkono wa kushoto na jipya mkono wa kulia. Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mapanga, moja baada ya jingine, vile anavyopima meno ya msumeno baada ya kuyapiga tupa.

"Hili jipya linang'ata kidogo," alisema. Hakuita jikoni.

"Ndiyo, baba."

"Msumeno ukiupa meno yanayong'ata sana, ukauingiza kwenye mkaratusi mkavu, unakwama. Injini inazimika. Mtu asiyejua anasema injini mbovu." Akapitisha kidole tena. "Unapunguza mng'ato. Unakata kidogo kidogo, lakini mnyororo hausimami."

"Basi ni hivyo hivyo."

"Sasa kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Nilisema gia ndogo."

"Mimi gari nimeendesha lini?"

Ufunguo wa kufungulia pangaboi hatukuwa nao, ni wa pekee. Alichomelea nati kubwa kwenye kipande cha bomba, akautengeneza mwenyewe kabla chai haijapoa. Pangaboi jipya likaingia. Hatukuiwasha nchi kavu.

Jumamosi ile ilikuwa ya baridi kali, nyasi za kando ya bwawa zilikuwa bado nyeupe kwa umande ulioganda. Wazee wa kanisa walikuja wanane, wamevaa makoti na kofia za sufu, na akina mama wachache na chupa za chai. Mnadishaji alikuwepo pia, na alikuwa amekuja na ngata ya kubebea mzigo kichwani, mpya, ameisokota mwenyewe. Alimwonyesha baba mdogo kwa adabu zote. "Nimeona nikusaidie maandalizi, mzee."

Baba mdogo aliingia majini mpaka kifuani, akalala nyuma ya chombo. Niliona midomo yake ikitembea, na sijui kama ilikuwa sala au baridi.

Mara ya kwanza pua ilipanda, ikashuka, naye akateleza akazama. Mara ya pili alifika kwenye magoti, chombo kikalala ubavu, akazama. Mnadishaji aliiweka ngata kichwani mwake kuijaribu. Mara ya tatu injini haikuguna. Ilipanda moja kwa moja mpaka kwenye sauti yake, mkia ukainuka kutoka majini kama ng'ombe anayenyanyuka, nyuma kwanza, na baba mdogo alikuwa magotini, kisha goti moja, kisha miguu miwili. Alisimama. Sweta lilikuwa limemvutika mpaka mapajani, maji yanamchuruzika, amenyooka kama siku ya kusoma ahadi za watu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hatukuwahi kuzungumzia kukata kona. Hatukuwahi kufika huko. Alikwenda mbele, mstari ulionyooka kama reli, akavuka bwawa lote, akaingia kwenye matete ya ng'ambo bila kupunguza mwendo. Matete yalifunguka, yakajifunga. Injini ikanyamaza.

Kisha tukasikia sauti yake, mbali, "Mzima!"

Mabishano yalianza papo hapo. Mnadishaji alisema ile ilikuwa kuinama, haikuwa kusimama. Mwingine alisema magoti yalikuwa yamekunjwa. Hatimaye mzee mkongwe kuliko wote alikohoa, wakanyamaza. "Aliponyanyuka nilianza Baba Yetu kimoyomoyo," alisema. "Alipoingia kwenye matete nilikuwa nimefika kwenye kusamehewa makosa. Kama mtu anaona ni fupi, aje aisali mwenyewe ndani ya maji haya." Mnadishaji akaivua ngata, akaifungua, akajifunga shingoni kuzuia baridi.

Boti haikuwepo, na njia pekee ya kurudi ilikuwa kuzunguka bwawa kwa miguu, kupitia kwenye chai. Tulimwona akitoka kwenye matete, jaketi la kuelea bado limembana kifua. Ng'ambo ile wachumaji walikuwa kazini na vikapu vyao. Tulidhani atapita haraka aje kwenye moto na chai. Alisimama kwa mchumaji wa kwanza, akampa mkono. Tuliona mkono mwingine ukipanda juu, ukachora mstari mrefu hewani. Akasogea kwa wa pili. Mkono ukapanda tena, na mstari ulikuwa mrefu zaidi.

Nikataka kwenda kumpelekea koti. Mama mdogo akanishika mkono.

"Mwache," alisema, akijimiminia chai. "Wamebaki wengi. Akifika huku atakuwa amesimama tangu asubuhi."